Masikio Yakivuma, Dawa Imeingia

Dakta John Kirk, yule konseli wa Uingereza aliyemshinikiza Sultani Barghash kufunga soko la watumwa la Unguja mwaka 1873, alianza kazi zake Afrika akiwa tabibu wa msafara wa David Livingstone kwenye mto Zambezi, uliofika huko mwaka 1858. Homa iliuandama msafara mzima. Livingstone alikuwa na vidonge vyake mwenyewe, mchanganyiko wa kwinini, kalomeli, rubabu na utomvu wa jalapu. Vidonge hivyo vilimharisha mgonjwa kwanza, kisha akaendelea kupewa kwinini tupu. Ingeachwa lini? Hapakuwa na kipimo cha damu wala hadubini ya kutafutia vimelea, na vimelea vyenyewe havikuwa vimegunduliwa bado. Mgonjwa alipewa kwinini mpaka masikio yake yavume. Yakivuma, kipimo kimetimia.

Masikio yangu yanavuma ninapoandika haya. Yamevuma usiku na mchana tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, la kushoto zaidi ya la kulia: sauti nyembamba, kali, isiyopumzika. Nina kisukari pia, na hicho kilinianza kabla ya masikio. Kwa miaka mingi nimejiuliza wazo lilitoka wapi, kwamba mvumo wa masikio ni habari njema na mgonjwa anayeulalamikia aambiwe atulie. Nimelifuatilia kadiri nilivyoweza, kwa kusoma na kwa kuuliza wazee wetu wa Muheza. Wazo hilo lilikuja na kwinini, na kwinini kwetu sisi ilikuja kwa barabara ya Amani.

Kwanza niwatendee haki watu wa zamani. Gamba la mkwinini lilitoka milima ya Andes huko Amerika ya Kusini, na mapadri Wajesuiti ndio waliolitangaza Ulaya katika karne ya 17. Mwaka 1820, mjini Paris, Pelletier na Caventou walifanikiwa kuitenga kwinini yenyewe kutoka ndani ya gamba, na tangu hapo ikawezekana kuipima kwa uzito. Lakini miili haifanani. Kiasi cha kwinini kinachohitajika kwenye damu ili kuua vimelea vya malaria kinakaribiana sana na kiasi kinachoanza kusumbua masikio. Kwa hiyo mvumo ule ulikuwa kipimo cha kweli, tena cha bure, na mgonjwa alitembea nacho kichwani mwake. Tabibu wa porini asiye na chombo chochote angeachaje kukitumia? Na ukiacha dawa, mvumo huondoka wenyewe baada ya siku chache. Hilo la mwisho lishikwe vizuri, maana ndilo lililokuja kutugharimu baadaye.

Ukitoka Muheza kuelekea milima ya Usambara Mashariki, barabara inapita Kisiwani na Sigi, halafu inaanza kujipinda msituni hadi Amani. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha hapo taasisi ya utafiti wa mimea na kilimo, wakaleta miche kutoka pembe zote za dunia, na mikwinini ikiwamo. Walikuwa na haraka nayo. Robert Koch alikuwa amefika Dar es Salaam mwaka 1897, akachunguza malaria na kushikilia kwamba kwinini ikigawiwa kwa utaratibu inaweza kuifyeka. Koch huyohuyo ndiye aliyesimama mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882 na kutangaza kwamba amemgundua mdudu wa kifua kikuu. Mtu mmoja, na magonjwa mawili yaliyopita katika mwili wangu.

Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka na meli za Kiingereza zikafunga pwani, jeshi la von Lettow-Vorbeck likabaki bila dawa kutoka Ulaya. Amani ikageuzwa karakana. Magamba ya mikwinini ya Usambara yakawa kwinini ya askari, na vidonge vilipokosekana askari walinyweshwa maji yaliyochemshwa magamba hayo, kinywaji kichungu kupita kiasi ambacho Wajerumani walikipa jina la kamanda wao. Nikifikiria wale askari, Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema na wengineo, wakiandamana toka Usambara hadi Msumbiji huku vichwa vimejaa mvumo, nashangaa kwamba katika maandishi yote niliyosoma kuhusu vita hivyo sijakuta mtu aliyewauliza walisikia nini.

Vita vya pili vilirudia yaleyale kwa ukubwa zaidi. Karibu kwinini yote ya dunia wakati huo ilitoka kwenye mashamba ya Waholanzi kisiwani Java, na Japani ilipoiteka Java mwezi Machi 1942, mataifa ya Magharibi yakaikimbilia mikwinini ya Afrika. Kule Kivu, mashariki ya Kongo, mashamba ya enzi hizo yaliendelea kulisha kiwanda cha Bukavu kwa miongo mingi baada ya vita. Babu yangu mzaa mama alikuwa kibarua Amani miaka hiyo. Mti hukatwa, gamba likabanduliwa kwa kisu butu ili lisipasuke, kisha likaanikwa juani mpaka lijikunje. Vidole vyake, mama alituambia, vilikuwa vichungu. Akimpa mtoto kipande cha muhogo, mtoto hutema.

Mama alirithi nyumbani kwao kauli moja, naye akatuachia sisi: masikio yakivuma, dawa imeingia. Alikuwa akiisema huku amekaa pembeni ya kitanda, mkono kwenye paji la uso wako, na uso wake unalegea kidogo. Ukimwambia "Mama, kuna nyenje kichwani", anaitikia "Alhamdulillahi". Klorokwini ilipochukua nafasi ya kwinini kwa homa za kawaida, kauli haikufa, kwa sababu malaria kali iliendelea kutibiwa kwa kwinini, safari hii kwa dripu. Mtu mzima yeyote wa Tanga aliyewahi kulazwa anaijua hiyo dripu. Mimi nilitundikiwa nikiwa mwalimu kijana. Sauti za wodini zikaanza kusogea mbali, kama zinatoka chini ya maji, na mahali pake pakaja mlio. Muuguzi alicheka kwa upole: "Ndiyo kwinini hiyo, mwalimu. Imefika." Baada ya siku kadhaa mlio ukaisha, nikarudi darasani.

Kwinini haikuwa peke yake. Dawa za jamii ya aspirini, ambayo Bayer walianza kuiuza mwaka 1899, nazo huvumisha masikio zikizidi, na kwa miongo mingi madaktari wa Ulaya na Marekani waliotibu baridi yabisi walifuata kanuni ileile ya Zambezi. Waliongeza vidonge siku hadi siku mpaka mgonjwa aseme anasikia mlio, halafu wakapunguza kidogo na kumwacha hapo. Mlio wa aspirini nao huondoka ukipunguza dawa. Vizazi vya waganga na wagonjwa vikalelewa na dawa hizo mbili, na zote mbili zilifundisha somo moja: vumilia, utapita.

Kisha ikaja streptomisini.

Albert Schatz, mwanafunzi katika maabara ya Selman Waksman kwenye Chuo Kikuu cha Rutgers, Marekani, aliipata mwaka 1943 kutoka kwa kijidudu cha udongo. Waksman alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1952, Schatz akaachwa nje, na dhuluma hiyo ina wasimulizi wake. Kwetu lililo kubwa ni kwamba kwa mara ya kwanza kulikuwa na dawa inayomuua mdudu wa Koch ndani ya mtu aliye hai. Kabla ya hapo mgonjwa wa kifua alipelekwa mahali penye hewa baridi, kama Kibong'oto kwenye miteremko ya Kilimanjaro, akale vizuri, apumzike, na wengi walizikwa hukohuko. Sindano hiyo ilirudisha watu makwao. Sitaandika neno la kuibeza. Nipo hai kwa ajili yake.

Lakini madaktari waliokuwa wa kwanza kuwapa wagonjwa streptomisini, katika kliniki ya Mayo huko Marekani, waliona tangu mwanzo kabisa, katikati ya miaka ya 1940, kwamba inagusa sikio la ndani. Wagonjwa walipata kizunguzungu, wakayumba, wengine wakaanza kusikia milio na kupoteza usikivu. Ikatengenezwa dawa ndugu iliyodhaniwa kuwa salama zaidi, dihidrostreptomisini, ikabainika kwamba inaharibu usikivu vibaya kuliko ile ya kwanza, ikaachwa. Yote hayo yaliandikwa. Hayakuwa siri.

Afrika Mashariki ikawa mahali muhimu sana katika historia ya tiba hii. Majaribio yaliyofanywa hapa kwa ushirikiano na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, ambayo matokeo yake ya kwanza yalichapishwa mwaka 1972, ndiyo yaliyoonyesha kwamba kifua kikuu kinaweza kupona kwa miezi 6 badala ya mwaka mmoja na nusu au zaidi, na streptomisini ya kila siku ilikuwa sehemu ya dawa hizo. Mwaka 1977 Tanzania ikaanzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma. Daktari Karel Styblo aliusaidia kusimama, na utaratibu wake wa kumeza dawa mbele ya mhudumu ukachukuliwa baadaye na Shirika la Afya Duniani ukasambazwa duniani kote. Ninajivunia hilo. Mtu wa Muheza au Singida aliyekwenda zahanati kila asubuhi akachomwa sindano aliwafundisha madaktari wa dunia.

Niliwahi kuugua kifua kikuu nikapona, kisha kikajirudia nikiwa tayari na kisukari. Mtu mwenye kisukari ana hatari mara mbili hadi tatu zaidi ya kuugua kifua kikuu kuliko asiye nacho, na utaratibu wa waliorudiwa ulikuwa miezi 8, miwili ya mwanzo ikiwa na sindano ya streptomisini kila siku. Tulipanga foleni kwenye benchi la nje tangu saa moja asubuhi. Chupa ndogo yenye unga mweupe, maji yanaingizwa, inatikiswa mpaka iwe safi, sindano inavutwa. Leo kalio la kulia, kesho la kushoto. Ukikaa kwenye baiskeli unainuka kidogo upande ule unaouma. Mkojo mwekundu wa rifampisini, harufu ya spiriti, mzee mmoja mbele yangu aliyekuwa akimwambia kila mgeni "sindano hii ni baba yao".

Katika wiki za mwisho za sindano mlio ulianza. Nilimwambia aliyekuwa akituchoma. Akaandika kitu kwenye daftari, akaniambia bila kuinua uso: "Dawa inafanya kazi." Nyumbani mama, aliyekuwa mzee sana wakati huo, alisema kauli yake. Wote wawili walinitakia mema. Walichokuwa nacho ni elimu ya kwinini, na mbele yao palikuwa na dawa nyingine kabisa.

Hili la tofauti kati ya dawa hizo mbili ni rahisi kulieleza, na lingefaa kubandikwa ukutani kwenye kila chumba cha sindano. Ndani ya kila sikio mtu anazaliwa na seli za kusikia zipatazo elfu 15, zenye vinywele vinavyotikiswa na sauti. Kwinini inazisumbua seli hizo, kisha inaziacha. Streptomisini na ndugu zake, kanamisini, amikasini na gentamisini, zinaweza kuziua. Kwa ndege, seli hizo zikifa huota nyingine. Kwa binadamu hazioti tena. Zinaanza kufa zile za sauti nyembamba za juu, na ubongo uliozoea kupokea kitu kutoka upande ule huongeza nguvu ya kusikiliza mpaka unasikia ambacho hakipo. Huo ndio mlio. Na dawa hizi hutoka mwilini kupitia figo. Figo zikiwa dhaifu, na kisukari ni mdhoofishaji wao mkuu, dawa inakaa zaidi kwenye damu na sikio linakaa zaidi na sumu. Hakuna aliyezipima figo zangu kabla ya sindano ile ya kwanza.

Watu huniuliza kama mlio unaniamsha. Hauniamshi, ninapoamka upo. Kinachonisumbua zaidi ni namna maradhi mawili yanavyosaidiana. Kifaa cha kupimia sukari hupiga mlio mwembamba kikimaliza kuhesabu, na mlio huo uko palepale ambapo masikio yangu yamekufa. Nakitazama kwa macho. Simu yangu ninailaza kwenye ubavu wa kitanda ili itikisike saa ya kupima, maana usiku sukari ikishuka sina jingine la kuniambia. Streptomisini hupenda zaidi kiungo cha usawa kuliko kile cha kusikia, na kisukari kimenitia ganzi nyayoni. Mtu mzima wa kawaida akitembea gizani husimama kwa msaada wa masikio na miguu. Mimi sina vyote viwili, nina macho tu, kwa hiyo umeme ukikatika nakaa pale nilipo mpaka mjukuu alete taa. Darasani, miaka ya mwisho kabla ya kustaafu, niliwahamishia mbele watoto wenye sauti ndogo. Herufi za "s" na "f" ziliniponyoka kwanza. "Sisi" na "fisi" nilizitofautisha kwa kutazama midomo.

Nimejifunza kuishi nao. Feni husaidia, na redio iliyopunguzwa sauti, na mvua juu ya bati husaidia kuliko vyote. Uchovu huuongeza mlio, na siku ambayo sukari imepanda sana nausikia mkali zaidi. Daktari wangu wa sasa hakunikatalia, alisema tuiangalie sukari. Usiku mbaya ni ule wa kimya. Wenye masikio mazima hawajui kwamba kimya kinaweza kuchosha.

Miaka 10 baada ya sindano zangu, mambo yalizidi kuwa magumu kwa wengine. Kifua kikuu sugu, kisichosikia dawa za kawaida, kilienea, na matibabu yake yalihitaji kanamisini au amikasini kwa miezi 6 hadi 8. Kibong'oto ndiyo ikawa kituo cha Tanzania cha ugonjwa huo, kuanzia mwaka 2009. Dawa hizi hazishii kwenye mlio. Ziliwaacha watu viziwi kabisa, na mgonjwa aliwekwa mbele ya uchaguzi ambao haupaswi kuwapo, masikio au mapafu.

Safari hii walioumia hawakukaa kimya. Phumeza Tisile wa Khayelitsha, Afrika Kusini, alipoteza usikivu kwa kanamisini akiwa binti, akapona kifua kikuu sugu mwaka 2013, akaanza kusema hadharani. Nandita Venkatesan wa India alipatwa na hilohilo. Bedakwilini, dawa ya kumeza isiyogusa masikio, iliidhinishwa Marekani mwishoni mwa 2012, lakini bei na hataza viliifanya ibaki mbali na wenye kuihitaji. Mwaka 2018 Afrika Kusini ikatangaza kuiweka mahali pa sindano, na mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani likasema kanamisini isitumike tena. Phumeza na Nandita walipinga katika ofisi ya hataza ya India ombi la kampuni ya Johnson & Johnson la kurefusha umiliki wake wa dawa hiyo, na Machi 2023 ofisi hiyo ikalikataa ombi. Viziwi wawili walisikilizwa. Nilisoma habari hiyo nikalia, sioni haya kuisema.

Kwinini nayo imeondoka, na imeondokea kwetu. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2010, uliolinganisha kwinini na sindano ya artesuneti kwa watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi 9 za Afrika, ulikuwa na kituo katika Hospitali Teule hapa Muheza. Kati ya waliopewa kwinini walikufa asilimia 10.9, kati ya waliopewa artesuneti asilimia 8.5. Mwaka uliofuata dunia ikabadili mwongozo. Mikwinini ya Amani bado ipo msituni, mirefu, na watalii hupigwa picha chini yake. Watoto wanaozaliwa sasa hawataijua kauli ya mama.

Gentamisini haijaondoka. Ni rahisi, inapatikana kila hospitali, inaokoa vichanga wenye maambukizi ya damu, na sitamani iondolewe. Ila ni ya ukoo uleule. Mwezi uliopita, kwenye kliniki ya kisukari, walinipima macho, wakanigusa nyayo kwa uzi, wakachukua mkojo kuangalia figo. Kadi ina nafasi ya kila kimoja cha hivyo; masikio hayamo. Nilimwomba yule daktari kijana aandike pembeni kwa wino mwekundu: streptomisini, masikio, asichomwe gentamisini wala amikasini bila kupimwa figo. Aliniuliza kwa nini, nikamweleza. Akaandika, akagonga muhuri, na mgonjwa aliyenifuata, mama mmoja wa Pongwe aliyekuwa akisikiliza mlangoni, akaingia akasema yeye pia aliwahi kuchomwa sindano za kifua na anataka kuandikiwa.